Mpira Usio na Upepo: Habari za Kocha John Thompson

  

Leo siandiki habari za vibarua, kodi ya nyumba wala makaratasi ya uhamiaji. Leo ni historia. Nataka niwaeleze habari za mtu ambaye huku Washington na vitongoji vyake ukilitaja jina lake kwa kinyozi, wazee wote wanageuza shingo. Anaitwa John Thompson. Alikuwa kocha mkuu wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Georgetown kuanzia mwaka 1972 hadi 1999.

Nina sababu ya kumchagua yeye. Tangu Hasheem Thabeet, kijana wetu wa Dar es Salaam, achaguliwe wa pili kwenye NBA mwaka 2009 akitokea Chuo Kikuu cha Connecticut, kila mwenye kijana mrefu ananitumia ujumbe wenye swali lilelile: je, tumwachishe shule afanye mazoezi mchana kutwa, ili wazungu wamwone? Badala ya kumjibu kila mmoja peke yake, naona bora niwasimulie maisha ya kocha huyu, maana swali hilo alilijibu kwa miaka 27 mfululizo.

Kwanza tuelewane kidogo kuhusu mambo ya huku. Timu za vyuo vikuu huku si mchezo wa wanafunzi wa kujinyoosha viungo jioni. Watu wanazishabikia kama mnavyoshabikia Simba na Yanga. Kila mwezi wa Machi kuna mashindano ya mtoano ambayo nchi nzima inayatazama kwenye televisheni, na mara nyingi kocha analipwa kuliko mkuu wa chuo. Chama kinachosimamia michezo hiyo kinaitwa NCAA. Katika miaka ninayoisimulia, wachezaji wenyewe hawakulipwa mshahara. Walichopewa ni kusomeshwa bure pamoja na chumba na chakula. Kwa hiyo suala la nani apewe nafasi hiyo na nani anyimwe lilikuwa suala zito, hasa kwa mtoto wa maskini. Shikeni hapo, tutarudi.

Thompson alizaliwa Washington tarehe 2 Septemba 1941, wakati shule za mji huu mkuu wa Marekani zilikuwa bado zimegawanywa kwa rangi. Baba yake alifanya kazi za mikono maisha yake yote na hakujua kusoma wala kuandika. Mama yake alikuwa amesomea ualimu, lakini mjini hapa riziki aliipata kwa kufanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. John mwenyewe alipokuwa mdogo shule ilimshinda. Alikuwa hasomi vizuri, na walimu wakamwona mzito wa akili, mtoto asiyefundishika. Kumbe tatizo lilikuwa macho. Alikuwa haoni vizuri! Ikabidi ahamishwe shule, na huko alimkuta mwalimu mmoja mwanamke aliyekaa naye kwa subira mpaka akafunguka. Hilo la kuitwa mzito wa akili kabla hajapimwa hata macho hakulisahau mpaka uzeeni.

Basi akakua, na alikua kwelikweli: futi 6 na inchi 10. Shule ya sekondari ya Archbishop Carroll aliyochezea ilishinda mechi 55 mfululizo. Akaenda Chuo cha Providence, akapata digrii ya uchumi mwaka 1964, kisha akasajiliwa na Boston Celtics. Pale alikuwa msaidizi wa Bill Russell, bingwa wa mabingwa, kwa hiyo muda mwingi alikaa benchi. Misimu miwili, ubingwa mara mbili. Mwaka 1966 timu mpya ya Chicago ikamchukua, lakini yeye akakataa kwenda. Alirudi nyumbani Washington kuwa kocha wa shule ndogo ya Kikatoliki, St. Anthony, na huku akijiendeleza mpaka akapata shahada ya uzamili katika ushauri nasaha. Hebu fikirini: mtu wa NBA anaacha mpira akasomee kushauri vijana!

Mwaka 1972 Georgetown wakamwita. Nieleze kidogo Georgetown ni nini. Ni chuo cha mapadri Wajesuiti, kimekaa juu ya kilima kando ya mto Potomac, kwenye mtaa wa matajiri ambao mpaka leo hauna kituo cha treni ya chini ya ardhi. Ukitaka kufika unapanda basi au unatembea. Mwaka 1838 mapadri hao hao waliuza watumwa 272 wa mashamba yao ya hapa Maryland, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya chuo. Miaka 134 baadaye chuo kilekile kinamwajiri mtu mweusi wa miaka 30 kuongoza timu ambayo msimu uliotangulia ilikuwa imeshinda mechi 3 na kupoteza 23. Jiji lilikuwa limejaa watu weusi, lakini chuoni walikuwa wachache sana.

Mtu wa kwanza Thompson kumleta chuoni hakuwa mtaalamu wa kufunga mabao. Alikuwa mwanamke wa kizungu, Mary Fenlon, aliyewahi kuwa mtawa, ambaye walifundisha pamoja St. Anthony. Kazi yake ilikuwa kufuatilia masomo ya wachezaji: nani kaingia darasani, nani kakosa, nani karipoti yake imelala. Siku za mechi Mama Fenlon alikaa benchi pamoja na makocha. Kijana akikosa darasa alijua kwamba mama yule anajua, na akijua yeye, kocha amejua.

Juu ya meza ya ofisi yake Thompson aliweka mpira wa kikapu uliotolewa upepo, umenywea kama embe bovu. Kijana mgeni akiingia pamoja na mama yake kuzungumza habari za kusajiliwa, jicho lazima liende kwenye ule mpira. Ndipo kocha anamweleza: mpira ni ngozi na upepo tu, na upepo ukiisha unabaki na hiki unachokiona. Ukijenga maisha yako yote juu ya upepo huo, siku ukitoka utakuwa nani?

Mambo hayakuwa laini tangu mwanzo. Msimu wa 1974-75 timu ilipoanza kupoteza mechi mfululizo, siku moja wakati wimbo wa taifa unaimbwa, watu walipitisha dirishani kwenye ukumbi wa chuo shuka kubwa lililoandikwa kwamba Thompson aondoke, pamoja na lile tusi baya kuliko yote analoweza kutukanwa mtu mweusi nchi hii. Mbele ya wachezaji wake. Nyumbani kwake. Msimu uleule, baada ya wiki chache, timu ikaingia kwenye mashindano ya taifa ya NCAA kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1943. Kuanzia hapo haikukosa mashindano ya baada ya msimu kwa miaka 24 mfululizo.

Sasa tuingie miaka ya themanini, ndiyo miaka inayokumbukwa. Mwaka 1981 akaja kijana mzaliwa wa Jamaika, Patrick Ewing, futi saba. Machi 1982 Georgetown wakafika fainali pale New Orleans, mbele ya watu zaidi ya 61,000, dhidi ya North Carolina ya kocha Dean Smith, ambaye alikuwa rafiki mkubwa wa Thompson. Zikiwa zimebaki sekunde chache, kijana wa mwaka wa kwanza aitwaye Michael Jordan akatupia, ikaingia: 63 kwa 62. Georgetown walikuwa bado na muda wa kujibu. Mchezaji wao Fred Brown akatoa pasi, akidhani anampa mwenzake, kumbe anampa adui, James Worthy. Mchezo ukaisha hapo.

Ndugu zangu, mnajua kwetu mchezaji akifanya kosa kama lile kwenye fainali nini kinampata. Thompson alimfuata Brown pale pale uwanjani, kamera zote zikitazama, akamkumbatia na kumbana kifuani. Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Aprili 1984 mjini Seattle, Georgetown waliwafunga Houston 84 kwa 75 wakachukua ubingwa, na Fred Brown alikuwamo kwenye timu ile. Akakumbatiwa tena. (Houston walikuwa na Hakeem Olajuwon, Mnigeria. Kwa hiyo fainali ile ya Wamarekani katikati yake walisimama Mjamaika na Mnigeria!)

Hapo Thompson akawa kocha wa kwanza mweusi kutwaa ubingwa wa daraja la kwanza la NCAA. Lakini angalieni alivyolipokea jambo hilo. Tangu mwaka 1982 alipoulizwa na waandishi anajisikiaje kuwa mweusi wa kwanza kufikisha timu kwenye nne bora, alikasirika. Alisema swali hilo linafanya ionekane kama kabla yake hapakuwa na mweusi mwenye uwezo, wakati ukweli ni kwamba walikuwepo wengi, ila walinyimwa nafasi. Na hakuwa anapiga porojo. Kulikuwa na John McLendon, ambaye alisomeshwa mchezo huu Kansas na James Naismith mwenyewe, mtu aliyeubuni, lakini hakuruhusiwa kuchezea timu ya chuo kwa sababu ya rangi yake. Timu yake ya chuo cha weusi cha Tennessee ilitwaa ubingwa wa NAIA, yaani chama kingine cha vyuo, mara tatu mfululizo: 1957, 1958 na 1959. Waliomjua McLendon walikuwa wachache, maana televisheni haikuwa ikienda huko.

Miaka ile ya ushindi ilikuwa pia miaka ya matusi. Ewing alipocheza viwanja vya ugenini alikuta mabango yanayomwita nyani na yanayosema hajui kusoma. Walimrushia maganda ya ndizi. Thompson aliwafungia wachezaji wake mlango: waandishi hawakuruhusiwa kuwasogelea ovyo, wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuhojiwa kabisa miezi ya mwanzo, na kwenye fainali za 1982 aliwalaza mji mwingine kabisa, Biloxi, mbali na kelele. Magazeti yakamwita mbabe, mwenye kiburi, anayeshuku kila mtu. Yule aliyeandikwa kwamba hajui kusoma alimaliza digrii yake ya sanaa mwaka 1985 kwa wakati, miaka minne kamili, kama alivyomwahidi mama yake, ambaye hakuwahi kuiona siku hiyo. Mama alifariki mwaka 1983.

Takwimu inayotajwa sana ni hii: asilimia 97 ya wachezaji wa Thompson waliokaa chuoni miaka minne waliondoka na digrii. Mtu makini atauliza, na wale ambao hawakukaa miaka minne? Ni kweli, hawamo kwenye hesabu hiyo. Lakini hata hivyo, nendeni mkatafute timu nyingine kubwa ya wakati ule iliyokuwa na hesabu ya kukaribia hapo.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1986 NCAA walianza kutumia sheria iliyoitwa Pendekezo la 48. Ilisema kijana akitaka kucheza mwaka wa kwanza wa chuo lazima awe na wastani wa alama 2.0 kwenye masomo ya msingi ya sekondari, na pia apate angalau 700 kwenye mtihani wa SAT, ambao alama za juu kabisa ni 1600. Akipata kimoja na kukosa kingine, chuo kiliruhusiwa kumsomesha bure, ila mwaka wa kwanza asicheze. Asome kwanza. Wengi waliona ni haki, na walioifaidi walikuwepo.

Januari 1989 NCAA wakaongeza Pendekezo la 42, likapita kwa kura chache. Hili lilisema kijana wa namna hiyo sasa asipewe hata ule msaada wa masomo wa mwanamichezo mwaka wa kwanza. Yaani mlango wa kungojea nao ukafungwa. Mwenye baba tajiri angejilipia mwaka mmoja akaendelea. Mtoto wa mfanya kazi za ndani angerudi mtaani. Na kila aliyetazama orodha ya waliokuwa wanaangukia hapo aliona kwamba wengi wao ni weusi na ni maskini.

Jumamosi ya tarehe 14 Januari 1989, Georgetown walikuwa wanacheza na Boston College kwenye ukumbi wa Capital Centre, Landover, hapa hapa Maryland. (Ukumbi wenyewe ulibomolewa mwaka 2002, na leo mahali pale pamejengwa hospitali.) Thompson aliingia uwanjani na taulo lake jeupe begani kama kawaida yake. Kabla mpira haujarushwa juu, akainuka, akatembea kutoka nje. Watu wakasimama wakampigia makofi. Aliiacha timu kwa msaidizi wake, na mechi iliyofuata dhidi ya Providence, chuo alichosoma mwenyewe, hakwenda.

Kocha aliye kileleni anagoma! Asingegomea mshahara wake, maana ulikuwa mnono. Hata wachezaji aliokuwa nao siku ile hawakuguswa na sheria, wao walikuwa wameshaingia. Aligomea vijana ambao hajawahi kuwaona, wale wa miaka iliyokuwa inakuja. Na nadhani aliwajua vizuri kuliko wapiga kura wa NCAA, kwa sababu mmoja wao alikuwa yeye mwenyewe, yule mtoto aliyeambiwa hafundishiki wakati shida yake ni miwani.

Wapo waliompinga, na si wabaguzi peke yao. Arthur Ashe, bingwa wa tenisi mweusi aliyeheshimiwa dunia nzima, aliunga mkono sheria ile. Hoja yake ilikuwa kwamba ukimwekea kijana mweusi kipimo cha chini unamfundisha kujitarajia kidogo, na kwamba wakijua sheria ni kali watasoma. Hoja nzito, na nimebishana nayo mwenyewe mara nyingi kichwani, maana sisi wazazi wa huku tunawaambia watoto wetu maneno hayo hayo kila usiku wakati wa kazi za shule. Lakini naona Thompson alikuwa anasema kitu kingine. Hakuomba kipimo kishushwe ili watu wapite bila kusoma, yeye ambaye benchi lake lilikuwa na mwalimu badala ya msaidizi wa ziada. Alisema mtihani wa asubuhi moja usitumike kuamua nani apate shule, hasa mtoto ambaye shule aliyotoka haikumpa alichostahili. Mchukue, mzuie kucheza ukitaka, lakini mwache asome.

Alirudi uwanjani baada ya wiki moja, viongozi wa NCAA walipokubali jambo liangaliwe upya. Mwaka 1990 sheria ikalegezwa: kijana aliyekosa kipimo kimoja akaruhusiwa kupata msaada wa chuo unaotolewa kwa wasio na uwezo. Mlango haukufunguka wote, ila mtu aliweza kupita kwa ubavu.

Kipindi hicho hicho mji wa Washington ulikuwa umeshikwa na biashara ya kokeini. Mfanyabiashara mkubwa kabisa wa dawa hizo, Rayful Edmond, alikuwa shabiki wa kikapu na alianza kuzoeana na wachezaji wa Georgetown, akiwemo Alonzo Mourning. Watu walimwogopa Edmond. Thompson alimwita ofisini kwake, na akaja! Akamwambia wachezaji wangu uwaache. Edmond alikamatwa mwaka 1989 na kufungwa maisha mwaka uliofuata. Mourning akaenda NBA.

Tena mwaka 1994 alikuja mama mmoja kutoka Hampton, Virginia, kumwombea mwanawe. Kijana alikuwa ametoka jela baada ya ugomvi uliotokea kwenye ukumbi wa michezo kati ya vijana weusi na weupe, vyuo vilivyokuwa vinamtaka vikamkimbia. Thompson akamchukua. Ni Allen Iverson. Mwaka 1995 mahakama ilifuta hukumu yake kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Iverson alikaa miaka miwili tu akaondoka kwenda NBA, akawa mchezaji wa kwanza wa Thompson kuondoka kabla ya kumaliza. Kwa hiyo hakuwa na digrii, na sitaki kuificha hiyo. Lakini mwaka 2016 alipoingizwa kwenye jumba la heshima la kikapu, alisema mbele ya watu huku machozi yanamtoka kwamba kocha Thompson ndiye aliyeyaokoa maisha yake.

Nisimpake mafuta kupita kiasi. Alikuwa mkali, na lugha yake mazoezini haikuwa ya kanisani. Mwaka 1985 alipoteza fainali kwa Villanova, 66 kwa 64, ambayo wengi waliihesabu imeshakwisha kabla ya kuchezwa. Mwaka 1988 aliongoza timu ya Marekani kwenye Olimpiki ya Seoul, wakafungwa na timu ya Umoja wa Kisovieti wakarudi na shaba, na walimlaumu sana. Alipata fedha nyingi kutoka kampuni ya viatu ya Nike, hata akawa kwenye bodi yake tangu 1991, wakati wachezaji waliovaa viatu hivyo hawakupata hata senti. Wapo wanaosema ule ulikuwa unyonyaji, na mimi sina jibu la kuwanyamazisha.

Sasa nije kwa Mwafrika mwenzetu. Mwaka 1987 alifika Georgetown kijana kutoka Kinshasa aliyepata nafasi ya masomo kupitia shirika la misaada la Marekani, USAID. Alikuja kusomea udaktari. Alijua Kifaransa na lugha nyingine kadhaa, Kiingereza hapana. Urefu wake futi saba na inchi mbili. Mwaka wa kwanza hakucheza, alijifunza lugha. Jina lake Dikembe Mutombo. Thompson alimchukua kwenye timu mwaka uliofuata, akampanga pamoja na Mourning, na mtu akijaribu kutupia pale chini ya kikapu mpira ulirudi ulikotoka. Mwaka 1991 Mutombo alimaliza na digrii ya isimu na diplomasia. Udaktari aliuacha njiani, lakini tazameni ilivyokuja kuwa. Alicheza NBA misimu 18, na kwa fedha zake akajenga hospitali Kinshasa, akaipa jina la mama yake, Biamba Marie, aliyefariki mwaka 1997. Hospitali ilianza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Mutombo mwenyewe alifariki tarehe 30 Septemba 2024 kwa saratani ya ubongo, akiwa na miaka 58.

Thompson alijiuzulu Januari 1999 kwa sababu za kifamilia, akiwa ameshinda mechi 596 na kupoteza 239. Alifariki tarehe 30 Agosti 2020, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 79. Mwanawe John wa Tatu alikuja kuwa kocha pale pale, na baada yake Patrick Ewing.

Na ile SAT? Januari 2023, miaka 34 baada ya yeye kutoka uwanjani, NCAA waliiondoa kabisa mitihani ya namna hiyo kwenye masharti ya kucheza. Wastani wa alama za darasani umebaki. Yaani kazi ya miaka minne ya shule ndiyo inayohesabiwa sasa, wala si asubuhi moja.

Mambo mengine nayo yamebadilika. Tangu 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kupata fedha kwa jina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Najua mkisikia hivyo macho yatawatoka. Lakini kijana wenu akija atakuja na viza ya mwanafunzi, na viza hiyo ina masharti makali ya kufanya kazi, kwa hiyo fedha hizo wageni wengi wanazitazama kwa mbali. Timu za daraja la kwanza huku zinazidi 350. NBA kila mwaka inachagua vijana wasiozidi 60, na hao wanatafutwa dunia nzima, kuanzia Serbia hadi Sudan Kusini. Pigeni hesabu wenyewe.

Kwa hiyo wajomba, shangazi na dada zangu mlioniuliza, jibu langu ni hili. Msimwachishe shule. Chuo cha huku hakiwezi kumchukua asiye na vyeti, hata awe mrefu kama mnazi. Akija wakala na karatasi za kusaini, muulizeni kwanza mambo matatu: mtoto atasoma nini, nani atafuatilia darasani kwake, na akivunjika goti mwaka wa pili nani analipa ada ya mwaka wa tatu. Mwenye kujibu vizuri mpeni chai. Anayezungumza habari za NBA peke yake msindikizeni mpaka getini.

Nisiwachoshe zaidi. Wasalimieni wote, na bibi mwambieni dawa zake nimezituma kwa mtu anayekuja wiki ijayo.

Wasalaam.